Weka Kisu Chini, Hilo Boga Bado ni Chakula

Oktoba ikiingia tu, simu yangu inabadilika rangi. Nikifungua TikTok ni chungwa juu, chungwa chini. Maboga kwa ngazi, maboga barazani, msichana wa Ohio na sweta kubwa ameketi katikati ya shamba la maboga, ameshika kikombe cha kahawa kama amelipwa (na pengine amelipwa). Halafu zinafuata zile video za kuchonga. Mtu anakata kifuniko, anaingiza mkono mpaka kwa kiwiko, anatoa nyuzinyuzi na mbegu kama anayesafisha samaki, anachonga macho ya pembetatu na meno matatu, anazima taa za nyumba, anawasha mshumaa ndani. Imeisha. Na mimi naitazama mpaka mwisho, si uongo, kwa sababu kuna kitu inafanyia roho.

Lakini niko na maoni na nitayasema hata kama ni ya kuharibu sherehe: kwa njia zote za kupamba na boga, kuchonga ndiyo mbaya zaidi. Lichore na chaki. Livalishe shanga. Lipake rangi kama lazima. Lipange tu kwa ngazi vile lilivyotoka shambani. Ila usilitoboe. Boga zima ni chakula kinachongoja. Boga lililotobolewa linaanza kuoza dakika ile ile kisu kinaingia.

Tumalizane kwanza na ile stori ya "wazungu wanacheza na chakula," maana najua kuna msee ashaifungulia mdomo. Hiyo ni nusu ya ukweli. Boga kubwa la mviringo unaloliona kwa hizo video halikuzalishwa liwe chakula kitamu. Kuna aina maarufu sana inaitwa Howden, jina la mkulima wa Massachusetts, John Howden, aliyeiendeleza kati ya miaka ya 1960 na 1970. Alitaka boga la kupendeza: umbo zuri, rangi ya chungwa iliyokolea, kikonyo kinene ambacho mtu anaweza kukishika. Na akalipata. Utamu haukuwa kipaumbele. Nyama yake ni ya majimaji na nyuzi, sukari kidogo.

Boga ambalo Wamarekani wanakula kwa pai zao za Novemba ni lingine kabisa. Mengi yake hulimwa Illinois, karibu na mji wa Morton, ambako kiwanda cha Libby's huyasindika na kuyatia kwa mikebe. Aina yao inaitwa Dickinson. Ni boga refu kidogo, rangi ya ngozi ya kiazi, halina sura. Ukiliweka barazani jirani atauliza kama umesahau mzigo nje. Kwa hivyo wako na boga la kula ambalo hawalipambi, na boga la kupamba ambalo hawalili. Hilo ndilo linanishangaza kuliko kisu chenyewe. Mtu anachukua shamba, maji, mbolea na miezi karibu minne ya jua, analima kitu kinacholika, akijua tangu siku ya kupanda kwamba kitakaa kwa ngazi siku chache kisha kiende pipani.

Maana linalika, hata hilo la Howden. Si tamu kama malenge letu, sawa, lakini supu linafanya, na kwa unga wa chapati haliwezi kukuangusha.

Sasa mtu ataniambia hii ni mila, na mila haiguswi. Hapo ndipo stori inakuwa nzuri, kwa sababu hii mila ilianza na mboga nyingine. Ireland, Scotland na sehemu za Uingereza watu walikuwa wanachonga tanipu. Tanipu ni mzizi wa mviringo, mgumu kama jiwe, wa jamii moja na kabichi. Waliuchimba ndani, wakachonga uso wa kutisha, wakaweka mshumaa au kaa la moto, ili usiku wa mwisho wa Oktoba mizimu ipite mbali. Waairishi wana hekaya yake pia: jamaa mjanja aitwaye Jack alimhadaa Shetani asiichukue roho yake. Alipokufa, mbinguni wakamkataa kwa tabia zake, na Shetani naye akasema ahadi ni ahadi, huku huingii. Akatupiwa kaa moja la moto, akaliweka ndani ya tanipu, na mpaka leo anatembea gizani akitafuta pa kulala. Manze, hata kuzimu umekosa nafasi.

Ukitaka kuona hizo tanipu zilikuwa na sura gani, tafuta picha ya ile iliyo kwa makumbusho ya taifa ya Ireland, tawi la Castlebar, kaunti ya Mayo. Ni nakala ya plasta ya tanipu iliyotoka Donegal. Imekunjamana, ina vijino, inaonekana kama mzee aliyekasirishwa na wajukuu. Boga lolote la leo likiwekwa kando yake ni katuni ya watoto.

Halafu njaa ya viazi ikapiga Ireland kuanzia 1845, watu wakapanda meli kwa malaki kwenda Marekani, na huko wakakuta boga: kubwa, laini, tupu katikati, rahisi kuchonga kuliko tanipu mara kumi. Boga lenyewe ni la huko Amerika, wenyeji walikuwa wanalilima maelfu ya miaka kabla meli yoyote haijafika. Wahamiaji wakabadilisha mboga na mila ikaendelea bila kuvunjika mguu. Kama mila iliweza kuacha tanipu kwa sababu boga lilikuwa rahisi zaidi, inaweza pia kuacha kisu kwa sababu chaki ina akili zaidi.

Hebu tuongee kuhusu kinachotokea baada ya video kuzimwa. Ganda la boga ndilo friji lake. Likiwa zima, mahali pakavu na pa baridi, linakaa miezi miwili, mitatu. Ukilitoboa, hewa inaingia, ukungu unaingia, nzi wanaingia, na ule mshumaa unaliivisha polepole kutoka ndani. Siku tatu hadi kumi hivi, kulingana na hali ya hewa, na ule uso wa kutisha unaanza kuanguka kidevu. Ndiyo maana huko wana mbinu mia za kulichelewesha. Wengine wanaliloweka kwa maji ya dawa ya kung'arishia nguo, vile sisi huloweka mashati ya shule kwa Jik. Wengine wanapaka mafuta ya Vaseline kwenye kingo zilizokatwa. Fikiria hilo. Umechukua chakula, umekitia Jik ili kikae siku nne zaidi, na sasa hata ng'ombe huwezi kumpa.

Wamarekani huvuna zaidi ya pauni bilioni moja za maboga kwa mwaka, yaani kilo milioni 450 na kitu, na sehemu kubwa ya yale yanayouzwa Oktoba huishia barazani, si jikoni. Mengi yakitoka hapo yanaenda jaa la taka, yanafukiwa, yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko kaboni dioksidi. Wengine wanajiona wema, wanayapeleka msituni wakisema wanyama watakula. Huko Uingereza, Forestry England na Woodland Trust wamewaomba watu wasifanye hivyo, kwa sababu boga likirundikana msituni linawaharibia tumbo wanyama kama nungunungu wadogo wa huko, na linachafua udongo.

Sisemi kuchonga hakuna ufundi. Kuna watu wanachonga mpaka unasahau ni mboga. Siri yao, kama hujawahi kuangalia kwa makini, ni kwamba hawatoboi kila mahali. Wanakwaruza ganda tu kwa kina tofauti, hivi kwamba mwanga ukiwashwa ndani, pale nyama ni nyembamba panang'aa manjano na pale ni nene pana kivuli cha kahawia. Ni kama kuchora picha kwa kutumia unene. Huko jimbo la New York, kila mwaka kuna maonyesho ya usiku yenye maelfu ya maboga yaliyowashwa taa. Na Keene, mji mdogo wa New Hampshire, Oktoba 2013 waliwasha maboga 30,581 kwa pamoja na kuweka rekodi ya dunia. Mji wenyewe una watu elfu ishirini na tatu hivi. Maboga kuliko wakaaji! Siwezi kujifanya nisingetaka kusimama pale hata dakika tano. Fundi wa kiwango hicho apewe maboga yake, sina vita naye. Ninayemwongelesha ni mimi na wewe, ambao tukishika kisu tutatoa macho mawili yasiyolingana na kidonda cha gumba. Na vidonda si mzaha: madaktari wa upasuaji wa mikono Marekani hutoa onyo kila Oktoba, kwa sababu boga ni gumu, linateleza, na mkono mmoja unakuwa ndani wakati mwingine unasukuma kisu kutoka nje. Utajiju.

Upande wa rangi, tuanze na mama mkubwa mwenyewe. Yayoi Kusama, msanii wa Japani aliyezaliwa Matsumoto mwaka wa 1929 kwa familia ya wauza mbegu, amechora na kuunda maboga maisha yake yote. Lile maarufu ni la manjano lenye madoa meusi, limekaa kwenye gati la kisiwa cha Naoshima tangu 1994. Agosti 2021 kimbunga kililisukuma baharini, watu wakalia kama wamefiwa, na Oktoba 2022 likarudishwa jipya. Ndiyo, si boga la shamba, ni la plastiki ngumu. Lakini angalia: boga linalotembelewa zaidi na wapenda sanaa halina jicho, halina jino, halina mshumaa. Ni umbo lake tu na madoa. Kusama aliona kwamba boga tayari lina sura.

Na kuna lile la rangi ya buluu-kijani. Kama unaishi Marekani na umeliona kwa mlango wa mtu, lina maana. Mama mmoja wa Tennessee ndiye aliyeanza, na mwaka wa 2014 shirika la FARE, linaloshughulika na watu wenye mzio wa vyakula, likalifanya la nchi nzima. Ukiweka boga la rangi hiyo, unawaambia wazazi: mtoto wako akija hapa na hawezi kula karanga au maziwa, tuna vitu vya kuchezea vya kumpa badala ya peremende. Mtoto ambaye alikuwa anazunguka mtaa mzima akirudi na mfuko wa vitu vinavyoweza kumpeleka hospitali, sasa ana mlango anaoujua toka mbali. Hakuna kisu kimewahi kufanya hiyo kazi.

Rangi pia ina shida zake, nisikudanganye. Boga ukilipaka akriliki nzito, ukamwagia vimetameta na kulimalizia na vanishi, umelifunga. Si la kula tena, si la mbolea, si la kuku. Umetengeneza takataka inayong'aa. Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni chaki, au zile kalamu za chaki zinazooshwa na maji. Kamba ya katani, kitenge kilichobaki kwa fundi, majani makavu, karatasi ya kukata uibandike na unga wa ngano uliokorogwa. Kama lazima upake akriliki, paka moja, si kumi, tena chagua zile aina nyeupe kama Lumina ambazo hazihitaji rangi ya kwanza chini. Na hayo mengine tisa yaache wazi.

Kwanza wenye hela huko siku hizi hawachongi wala hawapaki. Wanapanga. Kuna watu kazi yao ni kuja na lori, kukupangia maboga kwa ngazi, na unawalipa mamia ya dola. Na maboga wanayoyapanga ndiyo matamu. Lile bapa, jekundu, lenye mikunjo kama mto wa kukalia, ni aina ya zamani ya Ufaransa, Rouge Vif d'Etampes. Lile la kijivu-buluu ni Jarrahdale la Australia, nyama nene ya chungwa isiyo na nyuzi. Hayo ni maboga ya kupika! Yamekaa nje ya nyumba ya mtu kama vyungu vya maua, na Novemba yanabebwa kupelekwa jaani.

Anti yangu anaishi Minnesota na hawezi kuvumilia. Kila Novemba mosi anazunguka mtaa wao na gari akiwauliza majirani, kwa heshima kabisa, kama yale mazima wanayatupa. Mwaka wa kwanza walimwangalia vibaya. Siku hizi wanamwekea kando ya barabara. Yaliyochongwa hayagusi, na yaliyopakwa rangi hayagusi, akisema hajui ile rangi imetoka wapi. Yale mengine anayakata, anayachemsha, anayaponda, anajaza friza mpaka Machi. Mbegu anazikausha, na joto likirudi anapanda nyuma ya nyumba. Boga lenyewe hata halitaki sana. Anataka seveve. Jirani mmoja alimwuliza kwa nini anavuna majani kabla maboga hayajakomaa, akamwambia kwao hiyo ndiyo mboga na hilo boga ni bonasi.

Hapo sasa tufike Nairobi, kwa sababu hii kitu ishafika. Halloween iko Westlands, iko Kilimani, iko kwa mabango ya sherehe kila mwisho wa Oktoba. Sina shida na mtu kujivalisha kama mfu, maisha ni magumu, furahia. Lakini boga ni stori nyingine. Kwa Kiswahili tunatafsiri ile "autumn" yao kuwa vuli. Miezi ni ile ile, ila mambo ni kinyume kabisa. Vuli yao ni majani kuanguka, mavuno kuingia ghalani, baridi iko njiani, na boga ni ishara kwamba kazi ya shamba imeisha. Vuli yetu ni mvua. Ni wakati mtu wa shamba anapanda. Boga barazani Oktoba, huko ni sentensi ya mwisho ya mwaka. Hapa ni mbegu imetoka tu kuingia mchangani.

Na hakuna Howden sokoni hapa. Ukienda Marikiti au kwa mama mboga wako ukachukua malenge, umechukua boga la kula, moja kwa moja. Kijani, kijivu, madoadoa, zito, nyama imeshikana. Hilo mama mboga hulikata vipande kwa sababu si kila nyumba inaweza kununua zima. Kuna mtu jioni hii ananunua kipande kimoja cha kuponda kwa uji wa mtoto anayeanza kula. Kule Pwani likipikwa na tui la nazi na iliki kidogo ni futari ya heshima. Wewe ukilinunua zima, ukalichimba, nyama yote ukaimwaga kwa sababu uko na haraka ya kupiga picha kabla giza halijaingia, huwezi kujitetea na ile hoja ya Wamarekani kwamba "hili ni la kupamba tu." Wao angalau walijizalishia la kuchezea. Wewe umetoboa chakula cha jioni. Na tena litakusumbua, maana ganda la malenge letu si la mchezo. Kisu cha jikoni kitapinda kabla hujamaliza jicho la kwanza.

Kwa hivyo kama una sherehe tarehe 31 na meza lazima iwe na uso wa kutisha, nunua malenge zima mkichanga. Lioshe, likaushe. Chora uso na chaki nyeupe, au na kaa la jiko kama ganda ni la kijivu, na weka mshumaa kando yake, si ndani. Kivuli kitakachopanda ukutani kitatisha kuliko shimo lolote. Piga picha zako zote. Asubuhi lisugue na maji, likate, mimina nazi. Kitu kimoja tu: kama ni yale maboga madogo ya mapambo yenye vinundu, hayo usipike, na boga lolote ukionja kipande ukute ni chungu, tema na utupe lote, maana ule uchungu ni sumu na hautoki kwa kuchemsha. Likiwa tamu, endelea. Mbegu zitie chumvi uzikaange kwa moto mdogo, na uache kama kumi hivi zikauke dirishani. Mvua bado iko.